Wastani wa Nani?

Kwenye ubao uliosimikwa mwanzo wa njia, ndani ya hifadhi ya taifa yenye msitu mnene, pameandikwa maneno haya tu: "Mzunguko wa baiskeli, kilomita 18, wastani." Jumamosi iliyopita niliyasoma kwa sauti ili mpwa wangu, ambaye baiskeli yake ya milimani ilikuwa bado haijatimiza mwezi, ayasikie na kutulia moyo. Kufikia kilomita ya 11, akiwa ameketi juu ya mzizi na kukwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, aliniuliza: "Mjomba, huu wastani ni wa nani?"

Ni swali halali, na hesabu hainisaidii kulijibu. Mzunguko hukurudisha pale pale ulipoanzia, kwa hiyo kila mita uliyoipanda utaishuka, na wastani wa mwinuko wa mzunguko wowote, uwe unapita uwanja wa mpira au kilele cha mlima, ni sufuri. Kwa kigezo hicho ubao ule haukusema uongo. Ulisema tu jambo lisilo na faida kwa kiumbe chochote chenye mapafu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba neno lenyewe halikuokotwa njiani. Chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kina mfumo wa alama ulioazimwa kutoka kwenye miteremko ya michezo ya theluji, na humo njia ya wastani huwekewa mraba wa buluu: upana wa angalau sentimita 60 hivi, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 10, na vikwazo visivyoepukika visivyopita kimo cha sentimita 20. Aliyevisoma vipimo hivyo anajua anachokiendea. Ubao wetu umechukua jina na kuviacha vipimo, mfano wa fundi cherehani anayeshona suruali zote kwa kipimo kimoja na kukiita cha kati.

Tena vipimo vyenyewe vinataka kusomwa kwa akili. Asilimia 10 inaonekana haba kwenye karatasi, lakini ikiendelea kwa kilomita 3 mfululizo utakuwa umepanda mita 300 hivi, na mita 300 za mkupuo mmoja si sawa na mita 300 zilizogawanywa vipande 6 vyenye tambarare za kuvutia pumzi. Kwenye mpando mrefu wenye udongo tifutifu huwezi kusimama juu ya pedali ukasukuma kwa hasira, kwa sababu ukiinuka uzito unahamia mbele, na gurudumu la nyuma linazunguka bure juu ya majani yaliyooza. Ukiegemea nyuma, la mbele linanyanyuka na kuyumba. Inabidi uketi kwenye ncha ya kiti, uinamishe kifua, na uingize gia nyepesi kabla hujaihitaji, kwani anayesubiri mpaka akwame husikia mnyororo ukikwaruza meno, kisha hushuka na kuisukuma baiskeli kwa mikono. Mpwa wangu aliyajua yote hayo kufikia kilomita ya 5, na mwalimu wake alikuwa mlima.

Kinachoniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni ubao kuzungumza kana kwamba msitu haubadiliki. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha. Asubuhi jua liliwaka, na huku nje vumbi lilikwisha kurudi, lakini chini ya miti udongo huchukua siku kadhaa kukauka, na mizizi iliyochunwa gome na matairi huwa kama imepakwa sabuni. Mzizi uliokatiza njia moja kwa moja unavukika. Uliolala mshazari ndio unaoangusha watu, kwa kuwa tairi halipandi juu yake bali linateleza kufuata urefu wake, na ukishika breki hapo hapo, safari yako imekwisha na ya kiwiko chako imeanza. Isitoshe, jua hupenya majani kwa mabaka, na ukiingia kivulini ukiwa kwenye mwendo, kwa kitambo macho hayatofautishi mzizi na kivuli chake. Njia ile ile, siku 4 baadaye, mpwa wangu yule yule angeipita akiimba.

Na mwelekeo je? Ubao hausemi uanzie kushoto au kulia, kana kwamba ni mamoja. Sisi tulikwenda kulia, tukaimaliza nguvu yetu kwenye mpando, tukaifikia mizizi mibaya kilomita ya 14 tukiwa na vidole vilivyochoka kubana breki. Tungeanzia kushoto, mizizi hiyo ingetukuta wazima, tena tungekuwa tunaipanda polepole. Ukishavuka nusu ya mzunguko, kurudi ni mbali kuliko kuendelea, kwa hiyo habari hizi zina maana zikitolewa pale mwanzoni, wala si baada ya mtu kuzigundua kwa goti lake.

Wanaokwepa tope kwa kupita pembeni, mpaka kijia kinageuka barabara, nitawaandikia siku nyingine, hasira zikiwa zimepungua.

Tulitoka jioni, mpwa wangu akiwa na mchubuko mmoja na furaha kubwa kuliko yangu. Langoni nikaomba daftari la maoni, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: jumla ya mita za kupanda itajwe, mwelekeo uonyeshwe kwa mshale, pawekwe kibao kidogo cha kugeuzwa, upande mmoja "pakavu", upande wa pili "pana utelezi", na ioneshwe njia ya mwisho ya mkato kabla ya nusu. Mlinzi alisoma taratibu, mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akachukua kalamu, akafungua ukurasa wenye safu yenye kichwa "Hali ya njia", akaniuliza kwa adabu:

"Sasa mzee, kwa kifupi, niandike ngumu au wastani?"