Sanaa ya jiji ishuke mtaani, Mbagala nako kuna watu

Kila ikifika Juni huwa nafurahi sana, masika yameisha, joto limepungua na Dar inaanza kuwa na mambo, maonesho ya michoro, filamu za bure, ngoma, usiku wa mashairi, usafi wa fukwe, uchangiaji damu, yaani kila wikiendi kuna kitu mpaka mwaka unakatika. Navipenda hivi vitu kwa moyo wote. Sasa juzi nimekaa nikayapitia matangazo ya miezi inayokuja, ya kutumiwa WhatsApp na yale ya Instagram, na karibu yote yanaangukia palepale, Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Posta, na Kijitonyama kidogo. Mbagala hamna, Gongo la Mboto hamna, Kimara hamna, Kigamboni hamna, Tandika ndo kabisa usiulize.

Tuangalie watu wanaishi wapi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima wa Dar es Salaam. Kinondoni, ambayo ndo ina Masaki, Oysterbay na Mikocheni yake, walikuwa 982,328, na humohumo kuna Tandale, Bunju na Boko, so hata hao sio wote wako karibu na ukumbi. Temeke peke yake watu 1,346,674. Ubungo 1,086,912. Temeke na Ubungo ukiziweka pamoja ni zaidi ya milioni 2.4, karibu nusu ya jiji, halafu kwenye ratiba ya sanaa ya jiji hawapo kabisa, kama vile wao hawachori, hawaimbi, hawana watoto wanaopenda kuona filamu.

Nieleweke vizuri, sina ugomvi na kumbi zilizopo. Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008 imewapa wasanii wengi sehemu ya kufanyia kazi, yale makontena yaliyogeuzwa studio yametoa watu wazuri sana. Kijiji cha Makumbusho kipo toka 1967, ukienda na watoto wanaingia kwenye nyumba za asili za makabila wanaona babu zao waliishije na wakibahatika wanakuta ngoma inachezwa. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kila Mtanzania inatakiwa alione kwa macho yake. Hizi sehemu ziendelee na ziongezewe nguvu, hasa tukikumbuka Nyumba ya Sanaa pale mjini ilivyobomolewa na wasanii wakatawanyika.

Ninachosema ni kwamba sanaa ya hili jiji yenyewe ilianzia kwa watu wa kawaida. Edward Saidi Tingatinga alitokea kusini huko Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha kama vijana wengine, mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa sababu ndo rangi aliyoweza kuinunua, na mke wake akawa anaziuza picha nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine, miaka minne tu ya kuchora, na leo mtindo wake unajulikana dunia nzima. Mtu mwenye kipaji kama kile leo yupo Charambe au Kivule, anachora matangazo ya saluni na mabango ya fundi pikipiki, na onesho la wachoraji linafanyika sehemu ambayo hajawahi kukanyaga na wala hajui kama lipo.

Watu huwa wanasema mbona kiingilio ni bure, waje tu. Wajameni. Chukua mama wa Mbagala Rangi Tatu na watoto wawili, shughuli inaanza saa moja usiku Mikocheni. Hapo lazima aondoke nyumbani saa kumi, apande gari mbili, akutane na foleni ya jioni, afike na watoto wamechoka. Shughuli yenyewe inachelewa, saa mbili ndo mtu anajaribu maiki, inakwisha saa nne usiku, muda ambao daladala zimeshapungua na hizo zilizobaki watu wananing'inia mlangoni, inabidi aite bajaji au boda na hiyo hela ndo mboga ya siku mbili tatu. Hiyo shughuli kwake sio bure, ni ghali kuliko kiingilio cha mpira. Na binti wa miaka kumi na saba anayependa mashairi, mzazi gani atamruhusu arudi peke yake Chamazi saa sita usiku? Kwa hiyo wanaokuja ni walewale, wenye gari na wanaokaa karibu, tunakutana kila wiki tunasalimiana kwa majina, halafu kwenye ripoti tunaandika jamii imeshiriki.

Zamani haikuwa hivi. Wazee wetu muziki waliufuata mtaani na muziki ulikuwepo. NUTA Jazz, ambayo ndo Msondo Ngoma wa leo, ilianza 1964, Mlimani Park, Sikinde wenyewe, wakaja 1978, na hizi bendi zilikuwa zinapiga DDC Kariakoo, DDC Magomeni Kondoa, Chang'ombe, sehemu ambazo mtu anamaliza kula nyumbani anatembea kwa miguu mpaka ukumbini. Pale Mnazi Mmoja kulikuwa na ukumbi wa Arnautoglu, watu wanakwenda kwenye dansi, mikutano, masomo ya jioni, kila kitu. Kumbi zilikuwa ndani ya makazi ya watu. Ukimuuliza mzee yeyote wa Ilala au Temeke atakutajia bendi gani ilikuwa inapiga wapi siku gani, kwa sababu ratiba ilikuwa yake, aliijua kama anavyojua siku ya gulio.

Na hata sa hivi mtaani hakujalala. Singeli, ule muziki wa kasi wa vijana, imezaliwa wapi? Tandale, Manzese, Mburahati, huko huko. Ilitoka kwenye mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio vinavyopitishwa kwenye spika za honi mpaka sauti inakwaruza, na mchiriku nao una ngoma za Wazaramo ndani yake. Nenda kwenye shughuli yoyote ya mtaani utaona, wamefunga turubai katikati ya barabara ya vumbi, spika zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka zinaegemea ukuta wa mtu, DJ ana laptopu iliyofungwa na selotepu, MC anachana kwa kasi mpaka unashangaa anapumulia wapi, na watoto wa miaka minane wanacheza mbele kwa mpangilio ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha. Vijana waliotoka kwenye shughuli za namna hii wameshapanda majukwaa makubwa ya Ulaya na watu kule wanalipa kuwaona. Hapa nyumbani bado tunawaita wahuni, na tamasha la mjini likitaka singeli linamchukua MC mmoja anapelekwa Masaki anapiga dakika ishirini basi.

Hoja ya kwamba huko hakuna pa kufanyia siikubali kabisa. Mwembe Yanga Temeke, Zakhem Mbagala, Biafra Kinondoni, Tanganyika Packers Kawe, Barafu Mburahati, viwanja vipo na vinajulikana. Kila uchaguzi vyama vinajaza watu hapo, jukwaa linafungwa asubuhi jioni linafunguliwa, jenereta lipo, spika zipo, usalama upo. Mikutano ya injili inafanyika hapo wiki nzima. Kama mwanasiasa na mhubiri wanaweza kupeleka jukwaa Mbagala, msanii anashindwaje? Bado hujahesabu shule za msingi, karibu kila kata ina yake yenye uwanja na kivuli cha mwembe, na Jumamosi mchana inakaa tupu.

Najua ugumu wa waandaaji, nimekaa nao na nimesaidia kubeba viti. Hela nyingi inatoka ubalozini au kwenye kampuni, na mfadhili anataka shughuli iwe mahali anapoweza kufika na kupiga picha. Vibali navyo ni shughuli, kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kuna manispaa, kuna polisi, kila sehemu ina fomu yake na malipo yake. Hapo serikali ingeweza kusaidia sana kwa kitu kimoja tu, shughuli ya bure ya mchana kwenye uwanja wa wazi ipate kibali ofisi ya kata bila kuzungushwa. Na mfadhili naye aambiwe ukweli, kwamba watu 60 pale Oysterbay wanaomjua tayari sio sawa na watu 600 Mbagala ambao hawajawahi kuona filamu kwenye skrini kubwa.

Halafu lugha. Tangazo la shughuli ya Dar es Salaam, ya watu wa Dar es Salaam, limeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, Kiswahili kimewekwa neno moja kwenye jina la tamasha kama urembo. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliitangaza Novemba 2021 na imeanza kusherehekewa 2022, na tarehe yenyewe ndo ile TANU ilizaliwa 1954. Siku hiyohiyo Viwanja vya Sabasaba barabara ya Kilwa, Temeke, vinafurika familia za kila aina zimekuja kwenye maonesho ya biashara. Mimi sioni sababu ya kuwafungia washairi ukumbini Posta siku hiyo wakati watu wote wako Temeke! Wekeni jukwaa dogo, waleteni watu wa ngonjera na malumbano ya mashairi, watoto wa shule wajibizane, muone umati utakaosimama.

Sasa nije kwa watu wa kujitolea, maana hapa ndo roho inaniuma zaidi. Miezi inayokuja inawahitaji sana, kuna Siku ya Wachangia Damu 14 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni, kuna usafi wa Septemba, kuna 5 Desemba ambayo ni siku yao wenyewe ya kimataifa. Na ukiangalia wanaokuja kujitolea wengi ni vijana wa mbali, wanafunzi na waliomaliza chuo hawajapata kazi, wanaamka saa kumi usiku wafike Coco Beach saa kumi na mbili asubuhi. Wanapewa tisheti na chupa ya maji. Nauli hamna, chai hamna, anaambiwa atapata uzoefu. Mtu anayepanga bajeti anakumbuka hela ya mabango na ya mpiga picha, lakini elfu tano ya nauli ya kijana aliyefanya kazi kuanzia alfajiri mpaka saa saba anaiona ni gharama. Kujitolea ni kutoa muda na nguvu zako, na hivyo ameshavitoa. Nauli umrudishie.

Kuna usafi mmoja wa ufukweni nilishiriki, taasisi siitaji, tuliokota taka vizuri tu, chupa za plastiki, pampasi, kandambili, tukajaza viroba tukavipanga pembeni ya barabara kwa mstari, viongozi wakapiga picha mbele ya vile viroba, tukashangiliwa, watu wakatawanyika. Gari la kuzoa halikuwa limeagizwa. Siku kadhaa baadaye napita viroba bado vipo, kunguru wamevitoboa, upepo unazirudisha zilezile taka mchangani, na kibaya zaidi mwenye genge la mihogo pale anatulaumu sisi na ana haki. Shughuli ya usafi inaanza na gari la taka, ukishakuwa na uhakika wa gari ndo unatangaza tarehe.

Na taka za ufukweni nyingi hazikutupwa ufukweni. Mto Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salander, na kila kilichotupwa bondeni njia nzima unakuja nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli ilipungua, chupa ndo zimebaki. Kwa hiyo usafi wa Septemba mwaka huu ningefurahi sana uanzie Vingunguti na Kigogo, na watu wa huko ndo wawe wenyeji, mwenyekiti wa mtaa atangaze kwa kipaza sauti, msikitini na kanisani watangaze, asubuhi mnazoa, gari linaondoka na taka mnaliona kwa macho, wanaokusanya chupa za kuuza wapewe zao, mchana mnapika wali, wachoraji wanapaka rangi ukuta wa shule pamoja na watoto, saa tisa singeli inaanza, saa kumi na mbili magharibi kila mtu yuko kwake. Sanaa na kujitolea siku moja, sehemu moja, na hakuna aliyepanda gari zaidi ya moja.

Kwa hiyo waandaaji wote mnaosoma, ombi langu kwa ratiba ya kuanzia sasa mpaka Desemba ni kwamba katika kila shughuli tatu moja iende Temeke, Ubungo, Kigamboni au kule Ilala ya Ukonga na Chanika. Tangazo litoke wiki mbili kabla, Kiswahili, liwe na muda wa kuanza na muda wa KUMALIZA, likae pia ofisi ya serikali ya mtaa maana sio kila mtu ana bando. Na ninyi wa huko Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto mnaofanya vitu vyenu bila kutangaza, nitumieni tarehe, jina la uwanja na gari la kupanda, mimi nitakuja na nitawatangazia kwa nguvu zangu zote, na kama mnahitaji mtu wa kubeba viti niwekeni kwenye orodha.