Gari la Bondi kwa Mkopo, au Kuukuu kwa Taslimu?

Mwalimu mwenzangu alinipigia simu akiwa amesimama ndani ya bondi moja, yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, pale Nakawa, Kampala. Alikuwa na shilingi milioni 18, akiba ya miaka minne. Mbele yake palikuwa na Toyota Fielder ya 2012, nyeupe, vibandiko vya Kijapani vikiwa bado kwenye kioo. Bei milioni 36. Muuzaji alishamwambia: "Bosi, weka nusu leo, ondoka na ufunguo, nusu nyingine utamalizia kwa miezi 12." Siku mbili kabla, jirani yake huko Mukono alikuwa amemwonyesha Premio ya 2004, umbo la zamani, milioni 17. Alipe, aende nayo. "Kaka, nichukue ipi?" aliniuliza.

Siku ile sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata baada ya kukaa na kalamu, na ninaliandika hapa kwa sababu swali lake ni la watu wengi Uganda wenye mshahara wa kawaida. Vijiweni tunapeana majibu ya haraka. Huyu anasema gari kuukuu ni mgonjwa wa kudumu, yule anasema deni ni utumwa. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja ameona upande mmoja tu.

Chaguo lenyewe limekuja hivi kwa sababu ya sheria. Mwaka 2018 Uganda ilibadilisha sheria yake ya usalama barabarani na kuzuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Tuko wapole kuliko Kenya, ambayo mwisho wake ni miaka 8, lakini kila mwaka mpya unapoingia, kundi moja la magari linafungiwa mlango wa mpakani, Malaba na Busia. Premio ya umbo lile la zamani ilikoma kutengenezwa 2007. Maana yake tangu 2022 hakuna hata moja inayoweza kuletwa. Zilizopo ni zile tunazopishana nazo barabarani, na kila moja imeshakula mashimo yetu kwa miaka. Kwa hiyo Fielder ya Nakawa na Premio ya Mukono hazitofautiani kwa umri peke yake. Zinatoka masoko mawili yasiyofanana hata kidogo.

Nianze na la bondi. Gari likiwa bondini halijalipiwa kodi, na swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni kama bei anayoitaja imejumuisha kodi zote na usajili. Wapo wanaotaja bei ndogo ili uingie, kisha hesabu inafuata nyuma. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18 ambayo hupigwa juu ya bei pamoja na ushuru huo, kuna kodi ya zuio ya asilimia 6, na gari lenye umri mkubwa linaongezewa ushuru wa mazingira. Mamlaka ya Mapato, URA, ina viwango vyake vya thamani. Risiti yako ya Japani ikionyesha bei ya chini kuliko wanavyoamini, watahesabu kwa viwango vyao. Nimeona mtu aliyeagiza mwenyewe kwa intaneti akidhani amekwepa faida ya muuzaji, akakwama kwa sababu alipanga kodi kwa kuangalia risiti.

Sifa kubwa ya gari la bondi ni karatasi zake. Cheti cha kusafirishia kutoka Japani huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Kama lilipita mnadani, kuna karatasi ya mnada yenye daraja lake, na herufi R hapo humaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kabla ya kupakiwa melini lilipaswa kukaguliwa kwa viwango vya shirika letu la viwango, UNBS. Na sababu ya Wajapani kuyaachia magari yao mapema inaeleweka. Huko gari la kawaida lazima lipite ukaguzi wa serikali kila baada ya miaka miwili, ukaguzi una gharama, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri aliuze. Unanunua gari lililochokwa na mwenyewe likiwa bado zima. Omba karatasi hizo kwa majina yake. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hata moja anakuuzia rangi.

Lakini Fielder ile ina giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, na hapa watetezi wa gari jipya-jipya huwa hawasemi kitu. CVT inataka mafuta yake maalumu. Makanika wa kando ya barabara akiijaza mafuta ya giaboksi ya kawaida, itaanza kulia, na ikifa hiyo si kazi ya kurekebisha jioni moja. Premio ya 2004 yenye injini ya 1.5 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, makanika yeyote Ndeeba anaijua kama anavyoijua nyumba yake, na spea zimejaa soko la Kisekka, mpya na zilizotumika. Ila Premio nayo ina mtego wake. Baadhi ya zile za lita 2 zina injini ya D-4, inayochoma petroli kwa kuidunga moja kwa moja ndani ya silinda. Haivumilii mafuta machafu, na mafundi wengi huikimbia. Angalia maandishi juu ya injini kabla hujauliza bei.

Kwa upande wa chuma peke yake, basi, ningesema ngoma droo. Shida iko kwenye malipo.

Muuzaji wa Nakawa hakutamka neno riba hata mara moja. Nikamwambia mwenzangu aulize bei ya taslimu. Milioni 32. Hapo picha ikabadilika. Ukitoa milioni 18 anazoweka leo, anadaiwa milioni 14 kwa kweli, lakini atalipa milioni moja na nusu kila mwezi kwa miezi 12, yaani milioni 18. Milioni 4 zimeongezeka. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi anapolipa, hiyo ni riba ya asilimia 4 na kidogo kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali iliwawekea wakopeshaji wa fedha kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, baada ya watu kulalamika kwamba wananyonywa. "Malipo ya pole pole" ya bondi yakawa ghali kuliko kikomo cha mkopeshaji wa mtaani, na aliyekuwa anayapokea alikuwa anashukuru kwa kuaminiwa.

Milioni 14 hizo hizo, kwa miezi 12 hiyo hiyo, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, zingemgharimu riba ya milioni 1.4. Asilimia hiyo hiyo 18 ikihesabiwa juu ya deni la mwanzo, kana kwamba hujalipa hata senti, riba inakuwa milioni 2.52. Asilimia ni moja, fedha ni tofauti. Ndiyo maana ukienda benki au kwa mkopeshaji, swali la "riba ni asilimia ngapi?" halitoshi. Uliza: nikimaliza, nitakuwa nimelipa jumla shilingi ngapi, pamoja na ada ya kuchakata mkopo na bima? Waandike hapo hapo kwenye karatasi.

Kuna jambo zito kuliko riba, nalo ni logibuku, kitabu cha umiliki wa gari. Ukinunua kwa malipo ya miezi, gari hubaki kwa jina la muuzaji au la kampuni yake mpaka shilingi ya mwisho. Binamu yangu wa Busia alichukua basi dogo kwa mpango kama huo. Alilipa miezi kumi kati ya kumi na miwili. Mwezi wa kumi na moja alilazwa hospitalini, akachelewa. Gari lilichukuliwa mlangoni kwake alfajiri, na mkataba aliotia saini bila kuusoma hadi mwisho ulisema anayechelewa harudishiwi chochote. Mke wake alisimama uani na watoto akitazama basi linaondoka. Hadi leo nikilipita eneo lile moyo unaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba mpango ule ni mzuri.

Hata hivyo siwezi kuwaambia watu wakimbie deni lote. Nesi anayetoka zamu saa tano usiku, na anaogopa kupanda bodaboda saa hiyo, hana miaka minne ya kungoja. Mfanyabiashara anayesambaza mayai kutoka Mukono analipwa na gari lenyewe, kila wiki anayokaa bila gari ni hasara anayoweza kuihesabu. Na kuukuu la taslimu nalo lina deni lake, tofauti ni kwamba halina ratiba. Radieta itatoboka wiki ya karo. Bushi zitaisha mwezi ambao mvua imekata barabara. Mtu aliyetoa akiba yote kununua gari la zamani hujikuta mbele ya mkopeshaji akiweka logibuku rehani kwa ajili ya matengenezo, yaani amefika kule kule alikokuwa anakukimbia, na sasa kwa gari baya zaidi.

Turudi kwa mwenzangu na mshahara wake. Anafundisha fizikia, ana shahada, na tangu nyongeza ya walimu wa sayansi ya 2022 mshahara wake ni milioni 4. Baada ya kodi hubaki kama milioni 2.9. Kutoka Mukono hadi Kampala na kurudi ni zaidi ya kilomita 40. Kwa foleni ya Jinja Road nimemhesabia kilomita 10 kwa lita, na petroli ya karibu shilingi 5,000. Hiyo ni kama shilingi 460,000 kwa siku 22 za kazi, kabla ya maegesho, bima na kuosha. Ukiongeza milioni moja na nusu ya bondi, anabakiwa na laki tisa na ushei kwa nyumba, karo, na wazazi wake. Mwezi mmoja tu ukienda vibaya, anakuwa binamu yangu.

Njia iliyokuwa inasahaulika ni SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo. Walimu wanazo, askari wa jeshi wana Wazalendo, polisi wana Exodus, na wafanyabiashara wa masoko mengi wanazo za kwao. Tofauti yake kubwa ni dhamana: mkopo husimama juu ya akiba, mshahara na wadhamini, hivyo unaweza kwenda bondini na taslimu kamili, ukalipa ile bei ya 32, na logibuku ikatoka kwa jina lako siku ya kwanza. Kwa miezi 24 na riba ya asilimia 18 inayopungua na deni, milioni 14 humtaka kama shilingi 699,000 kwa mwezi. Hilo analiweza na bado akalala. Nakiri wadhamini nao ni watu, ukishindwa unawaumiza marafiki, na hilo linawafanya wengine wachague bondi kwa aibu tu. Mimi naona aibu hiyo ndiyo inayomfanya mtu alipe.

Ushauri wangu ukawa hivi: tuikague kwanza Premio. Ikiwa nzima, aombe punguzo na asitoe zaidi ya milioni 15, ili tatu zibaki kwa tairi, huduma kamili na shida ya kwanza itakayokuja, maana itakuja. Ikikataa, SACCO na gari la bondi kwa taslimu. Mpango wa nusu-nusu asiuguse.

Jumamosi tulikwenda Mukono na makanika wa Ndeeba, tukamlipa 50,000 kwa siku yake. Aliiwasha injini ikiwa baridi, akavuta kijiti cha oili kuangalia kama kuna weupe wa maji, akaiendesha mlimani, akalala chini na tochi kutafuta welding kwenye chasi. "Mwalimu, hii ni 1.5, na ni nzima," alisema, akifuta mikono. Tulifurahi.

Kisha tukaomba logibuku. Jirani alileta fotokopi. Halisi ilikuwa, alivyosema, kwa ndugu yake Jinja. Hatukubishana naye, ni jirani. Lakini tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2019, URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ina rejista ambamo mkopeshaji huandikisha gari alilowekewa rehani, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo. Jumatatu tulitafuta kwa namba ya chasi. Ilikuwemo. Mwenzangu angetoa akiba yake, na mkopeshaji angekuja kulichukua gari kwa haki kabisa.

Amejaza fomu ya SACCO wiki iliyopita, milioni 14, miezi 24. Fielder ile nyeupe imeshauzwa, zipo nyingine. Kwa sasa anapanda teksi ya saa kumi na mbili asubuhi pale Mukono kama kawaida.