Wakili wa Furushi

Mtu akishika mkia darasani, angalau ana namba yake. Wa hamsini kati ya hamsini. Inauma, lakini ni namba, unaweza hata kumwonyesha mama. Chuo nilichosomea sheria hapa Marekani hakina hata hiyo. Kila mwaka U.S. News, shirika la habari la huku, wanatoa orodha ya vyuo vya sheria, jumla yake vinakaribia 200. Wanaanza vizuri tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakifika kule chini wanachoka. Vilivyobaki wanavifunga furushi moja na kuandika juu yake kwamba humu ni kuanzia hapa mpaka mwisho. Chuo changu kimo ndani ya furushi. Usiku mmoja nilikaa na simu kitandani kutafuta kama ndani ya lile furushi sisi tuko juu kidogo au chini kidogo. Mke wangu akaamka akauliza natafuta nini saa nane za usiku. Nikamwambia utafiti wa kisheria.

Na mwenye namba naye haridhiki. Chuo kikuu cha Yale, wao walikaa juu ya orodha ile zaidi ya miaka 30. Halafu Novemba 2022 wakatangaza kwamba wamejitoa, orodha haifai, haina haki. Siku ile ile Harvard nao wakasema na sisi tumo, tunatoka. Nchi nzima ikashtuka, magazeti yakaandika. Wakati huo nilikuwa bado nasoma, na sisi tukakaa kujadili kama chuo chetu nacho kingejitoa. Jamaa mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Tukijitoa, nani atajua?" Kikao kikaishia pale.

Kumbe hilo la orodha ni dogo. Kubwa ni kazi. Kampuni kubwa za mawakili za nchi hii zina mshahara ambao kila mtu anaujua, kama anavyojua nauli ya basi: wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000, na kampuni moja ikipanda, zenzake zinapanda nyuma yake kama kondoo. Hao huwafuata wanafunzi wa vyuo vikubwa wakiwa bado hata nusu ya masomo hawajafika. Wanawalisha, wanawasaili, wanawachukua. Chuoni kwetu nako siku moja alikuja mtu amevaa suti nzuri, begi la ngozi. Tulipanga foleni hadi nje ya mlango, kila mtu na CV yake mkononi, tai zimekazwa mpaka macho yanatoka. Kumbe anauza kozi ya kujiandaa na mtihani wa uwakili. Tena kwa mkopo. Nikajiandikisha, maana foleni nilishaipanga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini wastani. Nilipokuwa naomba chuo nilionyeshwa wastani wa mshahara wa mawakili wapya, nikapiga hesabu, nikaona mbona deni hili nalimaliza mapema. Nimekuja kuujua mchoro wenyewe baadaye. Mishahara ya mawakili wapya ukiichora unapata ngamia wa nundu mbili: nundu moja kubwa huku kushoto ya wanaopata kidogo, nundu nyembamba kule kulia ya wale wa dola 225,000, katikati bonde. Wastani uko bondeni. Na bondeni karibu hakai mtu! Nilionyeshwa mshahara ambao karibu hakuna anayelipwa, nikausainia mkopo ambao kila mtu analipa.

Mtihani wa uwakili, naomba isahaulike kila kitu ila hili, nilifaulu mara ya kwanza. Siku mbili za Julai, na siku moja katika hizo ni maswali 200 ya kuchagua jibu, 100 asubuhi na 100 mchana. Ukitoka hapo hata ukiulizwa chai au kahawa unatafuta jibu la "yote mawili hapo juu". Mtihani ule ule wanaoufanya wa vyuo vya juu, karatasi ile ile, na kule ndani hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Kisha wakachunguza tabia yangu. Hilo nalo lipo: kabla hujaapishwa lazima waridhike kuwa wewe ni mtu mwema. Niliandika kila nyumba niliyoishi, kila kazi niliyofanya, kila faini ya barabarani. Wakataka na madeni. Nikaandika. Wakaniomba nieleze jinsi ninavyokusudia kulilipa deni kubwa namna hiyo. Jamani, deni lenyewe nimelikopa ili nifike mahali pa kuulizwa swali hilo! Niliwajibu kwa adabu kwamba nakusudia kulilipa kwa kazi ya uwakili, endapo wataniruhusu niifanye.

Basi nikaapishwa, nikaingia sokoni.

Tangazo la kwanza: anatakiwa wakili mpya, mwenye uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano. Nililisoma mara mbili, kama tulivyofundishwa kusoma sheria, neno kwa neno. Mpya. Mwenye uzoefu. Mpaka leo sijapata tafsiri inayoyaokoa maneno yote mawili. Mshauri wa ajira wa chuo akaniambia nisitegemee matangazo, nijenge mtandao. Maana yake umwandikie wakili usiyemjua, umwombe mnywe kahawa, umweleze unavyoipenda kazi yake, na katika muda wote huo usiombe kazi. Kuomba kazi ni ushamba. Nimekunywa kahawa ishirini na tatu za namna hiyo. Mtandao sina, usingizi sina.

Kahawa ya ishirini na nne ndiyo ikazaa usaili. Ofisi ya mawakili wawili, juu ya duka la kufulia nguo, kapeti limechakaa njia moja tu, ile ya kutoka mlangoni kwenda kwenye meza ya mzee. Mzee mwenyewe mpole, miwani puani. Akaichukua CV yangu, akaiweka mbele yake, akaanza kuisoma kwa kidole. Kidole kikashuka: jina, kikapita. Simu, kikapita. Kikafika kwenye chuo, kikasimama. Kikagonga pale mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na uhakika kama ina watu.

"Hiki chuo," akasema, "bado kipo?"

Hakuwa na ubaya, naapa. Tangu 2017 vyuo kadhaa vya daraja letu vimefunga milango, mzee anafuatilia habari. Nikamjibu kipo, ingawa nilikuwa sijafungua barua pepe tangu asubuhi.

"Ulimaliza wa ngapi?"

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Hilo swali nilikuwa nalisubiri. "Wa tatu, mzee."

Akanitazama juu ya miwani, akafurahi, nami nikafurahi kwa sababu hakuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa wa kumi na mbili. Lakini vyuo vya furushi vina jambo lake: mwaka wa kwanza ukiisha, wanaofanya vizuri huhamia vyuo vya juu. Tisa waliokuwa mbele yangu wakahama kiangazi kimoja, nikarudi darasani Septemba nikiwa wa tatu bila kufungua kitabu. Hiyo si udanganyifu, ndugu zangu. Ni kuvumilia mahali.

Mzee akasema amenipenda, nianze kwa kujitolea miezi sita watazame. Nikamuuliza kwa heshima kama kuna posho. Akasema kuna uzoefu. Nilimshukuru, nikashuka ngazi, nikasimama pale dukani nikitazama mashuka ya watu yanavyozunguka kwenye mashine. Riba ya mkopo wangu haijitolei. Serikali inao mpango wa kusamehe deni ukifanya kazi ya umma huku ukilipa, malipo 120, yaani miaka kumi. Mpango mzuri sana. Mimi niko kwenye malipo sifuri, nimebakiza 120 tu, na hiyo kazi ya umma.

Kinachonikera kuliko yote ni hiki. California, Vermont, Virginia na Washington, mtu anaweza kuwa wakili bila kukanyaga chuo cha sheria kabisa. Anasoma ofisini chini ya wakili au jaji, miaka inapita, anafanya mtihani, anaapishwa. Huyo akienda kwenye usaili, kidole kikifika penye chuo kinakuta hadithi nzuri! Alijifunza mwenyewe, mchapakazi, hakukata tamaa, mpe maji anywe. Asiye na chuo ana maelezo. Mwenye chuo changu anaulizwa kama bado kipo.

Mwishowe wakala mmoja wa vibarua vya mawakili akanipigia: kazi ya kukagua nyaraka. Kampuni mbili kubwa zinashtakiana, kuna barua pepe kama mchanga, lazima wakili azipitie moja moja aseme inahusika na kesi au haihusiki. Tulikuwa mawakili arobaini kwenye ukumbi wa chini usio na dirisha, kila mmoja na skrini yake, malipo kwa saa, kwenda chooni unasaini. Mimi nilipangiwa barua za idara fulani ambamo mtu mmoja alikuwa anaiba maziwa ya mwenzake kwenye friji ya ofisi. Sitanii, miezi saba ya maandishi. Haihusiki. Haihusiki. Kuna barua moja mwenye maziwa alisema ameandika jina lake kwenye chupa kwa wino usiofutika. Haihusiki, lakini niliisoma mara mbili. Yule mwizi hakupatikana mpaka zamu yangu ikaisha, na bado namwaza.

Kulia kwangu alikaa jamaa wa chuo kilichomo kwenye ishirini bora. Kiti kile kile kibovu, malipo yale yale kwa saa. Alikuwa hapendi kulizungumza. Siku nilipomjua alikosoma nilirudi nyumbani nikala vizuri, nikalala mapema, Mungu anisamehe.

Wiki ya tano msimamizi akasimama mbele akatushukuru. Kumbe muda wote tulipokuwa tunabofya, programu ilikuwa nyuma inajifunza kutoka kwenye mibofyo yetu ipi inahusika na ipi haihusiki. Sasa imeelewa, itamalizia yenyewe. Naona ndiyo mwanafunzi wangu wa kwanza. Alinisikiliza vizuri, akafaulu, akachukua kazi yangu, na katika wiki zote tano hakuniuliza nimesoma wapi.

Nikarudi nyumbani mchana, nikamkuta shemeji, kaka yake mke wangu, amekaa sebuleni na karatasi ya faini ya mwendo kasi.

"Wakili," akasema. Yeye peke yake ndiye huniita hivyo bila kucheka. "Hii kitu tunaifanyaje?"

Nikamwambia shemeji, lipa. Akasema halipi, ana wakili ndani ya familia, kwa nini alipe. Siku ya mahakama nikavaa suti ya usaili. Karani akaniomba namba yangu ya uwakili. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea! Akaandika namba, akasema keti pale. Tukaketi. Ikaitwa kesi yetu, nikasimama, magoti yanagongana, hotuba ya kurasa nne mfukoni yenye kesi za nyuma ninazozinukuu mpaka na mwaka. Hakimu akamwita askari aliyeandika faini. Kimya. Akaita tena. Askari hakuja. Kesi imefutwa, anayefuata. Hotuba yangu haikutoka mfukoni, dakika nzima haikuisha.

Shemeji alinikumbatia mle mle mahakamani.

Tangu siku hiyo simu inalia. Watu kumi na mmoja mpaka jana, wote faini za barabarani, wote wametumwa na shemeji, na hakuna hata mmoja aliyetaja malipo. Mmoja ameniahidi kuniombea. Juzi mama mmoja ananiambia kwenye simu, "Mwanangu, nimesikia wewe umesoma Harvard." Nikampigia shemeji moto moto. Nikamwambia shemeji, acha mara moja, wakili akidanganya watu kuhusu sifa zake ni kosa la maadili, naweza kunyang'anywa leseni.

Shemeji akafikiri kidogo. "Wewe ndiye wakili," akasema. "Mimi mbona si wakili?"

Nimelitafuta jibu tangu juzi. Kisheria sioni pa kumshika.