Mwandishi na acheze bao

Ukikaa na vijana wanaoandika hapa Kigoma, hazipiti dakika nyingi kabla hujasikia ushauri huu: ukitaka kuandika kweli, achana na mambo mengine. Acha mpira, acha kijiwe, acha ziwa, jifungie ndani mpaka riwaya iishe. Wapo waliofika mahali pa kuona aibu wakikutwa wanashangilia goli, kana kwamba wamefumaniwa. Ushauri huo naupinga kwa moyo wote, kwa sababu nimeona ulivyowakatisha tamaa watu wenye vipaji.

Hicho chumba cha kujifungia kiko wapi? Nyumba zetu za Mwanga na Ujiji zina watu. Mgeni wa kutoka Kasulu hatoi taarifa; anabisha hodi na mfuko wa maharage begani, anakaribishwa, anawekewa maji ya kuoga. Kuna misiba, kuna vikao vya harusi, kuna mama anayetaka kusindikizwa hospitali. Mimi hayo siyaiti vikwazo. Mtu anayetaka kuandika habari za watu akaanza kwa kuwakimbia watu, ataandika nini?

Na waliotutangulia hawakujifungia popote. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Mashairi tunayoyasoma hadi leo yaliandikwa na mtu mwenye saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka. Mwalimu Nyerere naye, nchi nzima ikiwa mabegani mwake, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969. Na bao alikuwa analicheza vilevile.

Kwa hiyo sina swali juu ya kuwa na burudani. Swali langu ni burudani gani, na kipimo changu ni kimoja tu: je, ina mwisho?

Nenda Ujiji alasiri utazame bao chini ya mwembe. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja, na zikimwishia ndipo mchezo unaingia kwenye mtaji, hatua ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu. Mzee anachota kete za shimo zima, mkono unatembea, kete zinagonga mbao kwa mdundo ambao hata aliyesimama nje ya duara anaufuata kwa kichwa. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala. Anaondoa mkono. Haombi nyongeza, na hakuna wa kumwonea huruma. Wakati mwenzake anapiga hesabu, watazamaji wanaongea, na hapo ndipo mwandishi anapopata chake: namna mzee mmoja anavyomwambia mwenzake kwamba ni mwongo bila kulitamka neno hilo, namna kijana anavyokatisha mazungumzo kwa salamu. Maneno ya namna hiyo hayapatikani chumbani. Halafu mmoja anaishiwa, mchezo umekwisha, anayefuata anakaa. Wewe unainuka na kwenda zako, na kichwa chako umeondoka nacho chote.

Mpira nao ni dakika 90 na za nyongeza. Hata timu yako ikifungwa, kipenga kinapulizwa na watu wanarudi makwao.

Nina rafiki mvuvi anayeandika hadithi fupi, na kwake nimejifunza zaidi ya nilivyojifunza kwenye semina yoyote. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukipevuka, taa haina nguvu tena ya kuwakusanya samaki, basi kwa siku kadhaa mitumbwi inalala mwaloni Kibirizi. Usiku wa mbalamwezi ufuko wote unaonekana: nyavu zimetandazwa mchangani, watu wanaziba matundu, watoto wanakimbizana kati ya mitumbwi mpaka saa ambazo kwa kawaida wangekuwa wamelala. Yeye siku hizo anaandika. Giza likirudi anaacha sentensi pale ilipofikia na kwenda ziwani, na huko, katikati ya kusubiri wavu, ile sentensi inaendelea kumsumbua.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa nadharia ya kujifungia, huyu bwana alipaswa kutoka na kitabu kizima. Alitoka na kurasa chache, na mwenyewe anasema ni dhaifu. Mawazo ya chakula cha nyumbani yalimkalia kichwani, na hakukuwa na usiku wa giza uliokuwa unamngoja. Muda mtupu haukumwandikia chochote.

Kisha kuna simu. Klipu moja haijaisha nyingine imeshaanza, na mwisho wake pekee ni bando, nalo hununuliwa tena palepale ulipokaa. Mtu anainuka baada ya saa mbili hana hata sauti moja ya mtu anayoikumbuka. Siwaambii waandishi watupe simu. Wengi wetu hatuna kompyuta, tunaandikia humohumo, na mimi pia hadithi zangu huanzia humo. Ila data izimwe kwanza, na isiwashwe mpaka ukurasa uishe. Kwenye hilo sina upole.

Kuna dada mmoja wa hapa Mwanga ambaye hoja yangu hii ameitia dosari, na dosari yake naikubali. Anauza samaki wa migebuka asubuhi, mashairi anayo kichwani. Aliniambia, “Kaka, wewe unachagua burudani. Mimi nani aliwahi kuniuliza?” Kisha akanieleza kwamba akikaa barazani na sindano na uzi, anafuma vitambaa vya makochi, hakuna anayemsumbua, maana mikono inaonekana ina kazi. Akishika daftari tu, anaitwa: maji hayajatekwa, mtoto analia, shemeji amefika. Daftari machoni pa nyumba nzima ni kukaa bure.

Basi yeye anatunga akiwa anafuma. Mizani nane, mizani nane, mshororo unakamilika, anaurudia kimoyomoyo huku uzi unakwenda, mpaka ubeti mzima umekaa. Kitambaa kikifika mwisho, shairi nalo mara nyingi limefika. Jambo hili limenifurahisha na limeniuma pia, kwa sababu mashairi mangapi ya wanawake wa mji huu yanaishia kichwani kwa kukosa nusu saa ya daftari? Tunawaheshimu kwa vitambaa vinavyopamba makochi yetu. Wanaume wa nyumba hizi, mimi nikiwemo, tunaweza kwenda kuteka hayo maji.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, inapokea mashairi pia, na mshindi huchapishiwa kazi yake. Nimemwambia dada ayatamke tu, kuyachapa ni juu yangu. Tumekubaliana tukutane barazani kwake jioni, yeye na uzi wake, mimi na simu iliyozimwa data, na shemeji akifika atapikiwa chai na mwingine.