Kuikwangua Kamera Rangi Yake

Wapiga picha wanaposikia kwamba mwenzao amekikwangua kihisi cha kamera yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani yake, ili kipige picha nyeusi na nyeupe pekee, wengi hulalamika kwa namna moja: kwa nini aharibu kitu cha thamani, na hali programu ya kompyuta huiondoa rangi kwa mara moja, na rangi yenyewe ikabaki akiba? Hoja hiyo ina uzito. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba picha ya rangi inabeba yote yaliyomo katika picha isiyo na rangi, na ziada juu yake, na dhana hiyo si sahihi.

Kihisi chenyewe hakijui rangi. Kinapima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, hutandazwa juu yake vichujio vidogo mno kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya pikseli, yaani vile vidoa vidogo vya kihisi vinavyopima mwanga, hufunikwa kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kila pikseli hupima rangi moja kati ya tatu, na mbili zilizobaki hukadiriwa kwa kutazama pikseli jirani. Kwa hiyo theluthi mbili ya thamani za rangi katika picha ya kawaida hazikupimwa kabisa, zimekisiwa. Nakiri kwamba ukisiaji wa siku hizi ni hodari, na katika picha ya uso wa mtu au ya bahari iliyotulia hakuna atakayeuona upungufu. Upungufu hujitokeza penye mistari myembamba iliyosongamana, kama vile nakshi za milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au herufi na nukta za hati kongwe za Kiarabu katika hifadhi ya nyaraka ya Kilimani. Hapo makisio huweza kuulainisha ukingo wa mstari, hata kuzua rangi ambazo hazikuwepo.

Vichujio hivyo pia hula mwanga. Mwaka 2012 kampuni ya Leica ilipotoa M Monochrom, kamera iliyotoka kiwandani bila vichujio, yenye megapikseli 18 sawa na M9 ya rangi iliyotangulia, kiwango cha msingi cha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga, kilipanda kutoka 160 hadi 320. Kwa anayepiga picha katika vichochoro vya Mkunazini baada ya magharibi, mara mbili hiyo si jambo dogo.

Linalosahaulika zaidi, khasa na wanaotegemea kompyuta, ni anga. Mpiga picha akiwa Forodhani anataka anga ya buluu iwe nzito ili tanga jeupe la jahazi lisimame mbele yake. Katika kompyuta atategemea zaidi sehemu nyekundu ya picha, ambayo imetoka katika robo tu ya pikseli, tena robo iliyopokea mwanga mchache kutoka katika anga hiyo, na ndiyo maana anga hujaa chembechembe anapozidi kuikoleza. Mwenye kamera iliyokwanguliwa huweka kioo chekundu mbele ya lenzi, na pikseli zote, si robo, zikafanya kazi hiyo moja. Kioo kitampunguzia mwanga, lakini kila anachokipata kimepimwa.

Wapinzani nao wana haki yao. Kazi hii hairejesheki. Fundi huondoa kioo cha juu cha kihisi, akakwangua tabaka la vichujio pembeni mwa nyaya nyembamba kuliko unywele, na waya mmoja ukikatika huenda kamera nzima imekwisha. Tena vilenzi vidogo vinavyokusanya mwanga juu ya kila pikseli huondoka pamoja na vichujio. Kwa hiyo aliyekwangua asitarajie kuvuna ile faida nzima ya kamera iliyotoka kiwandani bila vichujio, ambayo vilenzi vyake vipo. Programu nyingi nazo huisoma faili ghafi, yaani data ya kihisi kabla haijageuzwa picha, kana kwamba vichujio bado vipo, na pasipokuwa na programu inayofaa, ule ukisiaji aliotaka kuukimbia hurudi. Aidha, mawingu yakizidiwa na mwanga, hakuna rangi iliyosalimika ya kuyaokolea. Na kwa anayepiga picha za karafuu Pemba, tangu zikiwa mbichi za kijani hadi zinapokauka kahawia juu ya majamvi, rangi ndiyo habari yenyewe.

Hata hivyo, hasara hizi zinamhusu mwenye kamera moja, na huyo simshauri kuigusa. Mwenye kamera kuukuu ya pili, ambaye kazi yake ni nakshi, hati na vichochoro, amenunua kipimo kwa kuuza uhuru wa kuchagua baadaye. Capital Art Studio, iliyofunguliwa hapa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, iliupiga picha mji huu kwa filamu nyeusi na nyeupe, ambayo nayo haikuacha rangi yoyote ya akiba. Aliyeishika kamera alipaswa kuamua anga iwe nzito kiasi gani kabla hajabonyeza.