Sentimita 5 za fundi cherehani

Mgonjwa ameketi kwenye kiti kinachofanana na cha daktari wa meno, kichwani kavaa kofia laini kama ya waogeleaji. Mhudumu anashika koili yenye umbo la namba nane, anaigusisha upande wa kushoto wa kichwa, anabonyeza. Unatoka mlio mkavu, kama wa stepla. Hakuna kitu. Anaisogeza kidogo, anabonyeza tena. Safari hii kidole gumba cha mkono wa kulia kinaruka chenyewe, mwenyewe akikitazama kwa mshangao. Mhudumu anatia alama kwa kalamu, anachukua futikamba, anahesabu sentimita 5 kwenda mbele, anatia alama ya pili. Hapo pa pili ndipo sonona itatibiwa.

Wagonjwa wengi walitibiwa hivyo kwa miaka mingi, na wapo waliopona. Tiba hii ya sumaku ilitokana na kifaa cha Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaipa kibali cha kutibu sonona. Isichanganywe na ile ya kupigwa shoti ya umeme: hapa mgonjwa halazwi usingizi, anaweza kuzungumza na mhudumu, na akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Kwamba inawasaidia wengi, wataalamu hawabishani sana. Wanabishana kama kuna haja ya kujua koili inagusa wapi hasa. Upande unaosema ipo haja ulipata pigo mwaka 2024, na tangu hapo nawasikia watu wakiuchimbia kaburi. Nadhani wameharakisha.

Tuanze na hizo sentimita 5. Kidole gumba kikiruka, maana yake koili iko juu ya ukanda wa ubongo unaoongoza misuli. Ukisogea mbele kidogo unatarajia kufika kwenye gamba la mbele, upande wa juu pembeni, sehemu ambayo kwa wengi wenye sonona ilionekana kuzorota. Tatizo ni kwamba vichwa havilingani. Mwaka 2001 Uwe Herwig na wenzake, Ujerumani, waliwapima wagonjwa 22 kwa kanuni hiyo kisha wakaangalia kwa picha za MRI koili imeangukia wapi. Kwa wagonjwa 7 tu ndipo ilikuwa mahali palipokusudiwa. Wale 15 wengine ilikuwa imeangukia nyuma zaidi, hasa kwenye maeneo yanayoandaa mwendo wa viungo. Namba hii huwa inanikaa kichwani. Mtu kavumilia dawa mbili tatu zisizomfaa, kapanga muda wake wiki nne au sita, kila siku ya kazi anafika klinikini, na nyumba inayobishiwa hodi ni ya jirani.

Kwa hiyo swali la “wapi” si la anasa. Aliyelipatia jibu lililobadilisha mjadala ni Michael Fox wa Boston (si yule mwigizaji), daktari wa mishipa ya fahamu na mtafiti wa mitandao ya ubongo. Sumaku ya koili haizami mbali, kama sentimita 2 au 3 tu. Na mwaka 2005 Helen Mayberg na wenzake, Toronto, walikuwa wameonyesha kwamba kuchokoza sehemu iliyojificha katikati kabisa ya ubongo, ile inayoitwa eneo la 25, kunaweza kumwinua mtu kutoka kwenye sonona sugu: wagonjwa 6, na 4 kati yao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6. Lakini walitobolewa fuvu na kuwekewa nyaya. Koili haiwezi kufika huko.

Haiwezi kufika moja kwa moja, yaani. Ubongo uliotulia haulali: mtu akilala kimya ndani ya MRI, damu yenye oksijeni inapanda na kushuka polepole sehemu mbalimbali, na sehemu zinazofanya kazi pamoja hupanda pamoja. Hilo lilijulikana tangu 1995. Fox, akiwa bado mwanafunzi St. Louis, aliongeza mwaka 2005 kwamba kuna mitandao inayopingana. Mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Mwaka 2012 yeye na wenzake wakarudi kwenye sehemu za kichwa ambazo tafiti za nyuma zilikuwa zimezitumia kutibu, wakaona kwamba zile zilizoleta nafuu zaidi ndizo zinazopingana zaidi na eneo la 25. Ukigonga hapa juu, kule chini panasikia. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: ramani waliyotumia haikuwa ya wagonjwa wenyewe. Ilikuwa wastani wa ubongo wa watu wazima wenye afya. Nitalirudia.

Kinachonifanya niuamini mwelekeo huu hata hivyo si koili. Ni majeraha. Mtu anapata kiharusi, na baada ya hapo anaacha sigara ghafla, hamu yenyewe imeisha. Mwingine anapata kiharusi na kuanza sonona ambayo hakuwa nayo. Madaktari walipozitazama picha za watu wa namna hii, majeraha yalikuwa yametawanyika, hayakuangukia sehemu moja. Kundi la Fox, likiongozwa na Juho Joutsa, lilichunguza mwaka 2022 wavutaji sigara 129 walioumia ubongo. Majeraha ya walioacha kwa urahisi yalikuwa mahali tofauti, lakini yote yaliunganika na mtandao mmoja. Mwaka mmoja kabla, Shan Siddiqi na wenzake walikuwa wamekusanya takwimu za watu 713 kutoka vyanzo 14: majeraha yanayohusishwa na sonona, koili zinazoitibu, na nyaya zinazowekwa ndani ya ubongo, vyote vikielekeza kwenye mzunguko unaofanana. Kiharusi hakimpendelei mtafiti. Hakisomi makala zake kabla ya kuamua kipige wapi.

Wanaotilia shaka wana hoja, na nzito. Ya kwanza ni ya hesabu. Ili kuona mitandao inayopingana, watafiti wengi huondoa kwanza wastani wa ishara ya ubongo mzima. Mwalimu akitoa wastani wa darasa katika alama za kila mwanafunzi, lazima wapo watakaobaki na hasi, hata kama darasa zima limefaulu. Mwaka 2009 Kevin Murphy na wenzake walilionyesha hilo kwa ukali: kupingana kule kunaweza kuwa zao la kikokotoo. Kundi la Fox lilijibu, ubishi ukapoa, haukuisha. Juu ya hayo, eneo la 25 limekaa karibu na matundu ya hewa ya uso, ambako picha za MRI hufifia. Unatafuta sauti ndogo kuliko zote mahali penye kelele kuliko pote.

Hoja ya pili ni namba moja: 3%. Immanuel Elbau na wenzake walichukua wagonjwa 295 wa jaribio kubwa la Canada, wakauliza: je, nguvu ya kule kupingana kwa kila mmoja inatabiri nani atapona? Walichokuta ni kwamba uhusiano upo, na umeelekea upande uliotabiriwa, lakini unaeleza takriban 3% tu ya tofauti kati ya wagonjwa. Tena ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale ambao upumuaji wao ndani ya mashine ulikuwa wa vishindo, jambo linaloleta wasiwasi kwamba sehemu ya tunachoita mtandao ni kifua kikipanda na kushuka.

Asilimia 3 ni ndogo, sina la kuficha. Ila nawaomba wanaoinukuu wakumbuke kwamba katika jaribio lile koili zote zilikuwa zimeongozwa na MRI hadi karibu sehemu ile ile. Ukipanda mahindi yote kwenye shamba moja, usitegemee udongo ukueleze kwa nini mche huu umeuzidi ule. Tofauti kubwa zitatoka kwingine: mbegu, wadudu, palizi. Ili ujue kama udongo una maana, panda mengine mchangani. Wale 15 wa Herwig, kwa maneno mengine, hawamo ndani ya hii 3%.

Sasa lile pigo la 2024. Jaribio la BRIGhTMIND la Uingereza, likiongozwa na Richard Morriss wa Nottingham, liligawa watu 255 wenye sonona sugu kwa kura. Wengine koili iliwekwa kwa kufuata ramani ya mtandao wa kila mmoja, wengine kwa njia ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu iliyodumu kwa wiki 26. Tofauti baina yao haikuonekana. Jaribio zuri, la uaminifu, na ndilo linalotajwa kila mtu anaposema mitandao ni urembo wa wenye pesa. Lakini “njia ya kawaida” ya hapo haikuwa futikamba. Makundi yote mawili yaliongozwa na picha za MRI. Na mtandao uliofuatwa haukuwa ule wa eneo la 25, ulikuwa wa sehemu nyingine iitwayo insula. Kilichoshindwa kuonyesha faida ni ramani ya mtu binafsi, ya mtandao mmoja fulani, ikishindana na ramani nyingine.

Mashabiki wa ramani nao wana la kujibu. Hupenda kuinua jaribio la Stanford la Nolan Williams na wenzake, ambamo watu 11 kati ya 14 waliotibiwa kweli walitoka kabisa kwenye sonona ndani ya wiki nne, dhidi ya 2 kati ya 15 waliopewa tiba ya kuigiza. Matokeo ya kusisimua, nami yalinisisimua. Ila watu 29 ni wachache, na waliotibiwa kweli walipata vipindi 10 kwa siku kwa siku 5, mapigo 90,000 kwa jumla, kiasi ambacho wakati huo kliniki za kawaida hazikuwa zikikitoa kwa kasi hiyo. Walitengewa sehemu yao wenyewe kwa ramani, ndiyo, lakini pia waliongezewa dozi na kubaniwa muda. Mambo matatu yamebadilika kwa mpigo. Anayesema ni ramani iliyowaponya anachagua jibu analolipenda.

Kwa hiyo nadhani pande zote mbili zimegombania ramani ambayo siyo. Ramani ya kila mgonjwa bado haijathibitisha gharama yake, na huenda isithibitishe, kwa sababu picha ya mtu mmoja ina kelele nyingi. Ramani ya wastani, ile ya 2012 iliyotokana na watu wenye afya, ni kitu kingine. Hiyo inasema tu kwamba kwa vichwa vingi, sehemu nzuri iko mbele zaidi na pembeni zaidi ya pale sentimita 5 zinapokupeleka. Na kulijua hilo hakuhitaji kumlaza mgonjwa ndani ya mashine. Mpima ardhi akishaweka mawe ya mipaka, mwenye kiwanja hahitaji kununua darubini yake.

Kwetu huku, ambako nje ya miji mikubwa MRI ni safari ya siku nzima na bili ya kukopa, tofauti hiyo ndiyo yote. Koili inataka umeme wa kutegemewa, kiti na mhudumu aliyefunzwa. MRI inataka chumba chake, heliamu yake na fundi wake. Tangu 2009 ipo njia iitwayo Beam F3: unapima kutoka sikio hadi sikio, kutoka mzizi wa pua hadi kisogoni, na mzunguko wa kichwa, unaingiza namba tatu kwenye programu ya bure, nayo inakwambia utie alama wapi. Walioilinganisha na MRI wamekuta kwamba kwa wengi inakosea kwa chini ya sentimita moja. Inajali ukubwa wa kichwa, jambo ambalo kanuni ya sentimita 5 haikuwahi kulijali.

Jaribio ninalolisubiri basi ni dogo na halina mvuto: dozi moja, ratiba moja, nusu ya wagonjwa wapimwe kwa ramani zao wenyewe, nusu kwa futikamba iliyofunzwa na ramani ya wastani. Wagonjwa wavae kofia ile ile, na alama itiwe kwa kalamu ile ile, ili asiwepo wa kujua yuko kundi gani.