Steringi mtu mzima kurudishwa sekondari

Hapa kijiweni Sinza kuna ubishi hauishi, eti katuni ikimchukua steringi mtu mzima ikamfanya dogo wa sekondari imeshamharibu. Wanaosema hivyo wana pointi, mfano wao ni Iron Man: Armored Adventures ya 2009. Tony Stark, ndo Iron Man mwenyewe, kwenye komiki tangu 1963 ni muuza silaha, anaenda Vietnam kuona mali yake inavyofanya kazi, analipukiwa, vipande vinakaa karibu na moyo, anatekwa, ndo anaunda lile vazi la chuma. Utamu wa jamaa upo kwenye hiyo hatia. Sasa mwanafunzi hatia anaitoa wapi, wakati hajauza hata kisu? Ikabidi wambadilishie, baba yake anapotea kwenye ajali ya ndege, Obadiah Stane anakamata kampuni, dogo anapigana na maadui huku shule inamsubiri. Inaangalika, ila yule ni mtu mwingine kapewa jina la Tony.

Upande wa pili wanasema mtoto anataka kujiona kwenye katuni, hilo nakubali nusu tu, maana shule zenyewe kila mwanafunzi ana kabati lake, we dogo wa Mbagala anayeingia zamu ya mchana anajiona wapi pale?

Ila kwa X-Men, kile kikosi cha watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, nageuka kabisa. Wengi walizoea katuni ya 1992 ambayo kikosi ni watu wazima, wakasahau kwamba kina Cyclops na Jean Grey walianza kwenye komiki 1963 wakiwa wanafunzi, kwa hiyo X-Men: Evolution ya 2000 iliwarudisha tu walikotoka. Na Rogue, binti wa kikosi hicho, akikugusa anakunyonya nguvu na kumbukumbu, yaani hilo linauma zaidi kwenye umri ambao wenzake ndo wanaanza kushikana mikono. Kidonda chake ni cha ujana, cha Tony ni cha mtu mzima, tofauti iko hapo.

Kinachonikera ni Storm, mwenzao anayeamrisha mvua na radi. Mama yake Mkenya, akabaki yatima Cairo, akawa mdokozi wa mtaani, akashuka kwa miguu mpaka Serengeti, watu wakamwona mungu wa mvua. Ujana tayari umeandikwa na ni mtamu kuliko wa wote, halafu Evolution ikamwacha mwalimu, ujana akapewa mpwa wake Spyke, dogo wa New York na skeitibodi yake. Wangemshusha umri Storm wakamwacha Tony na sharubu zake, mi ningenyamaza.